Togwa Yangu Haikuwa Pombe

Jumapili ya Pasaka, Fanueli, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, alisimama kanisani akatangaza kwamba mimi, Nesta, nauza pombe kando ya barabara, na kwamba tangu siku hiyo nimetengwa na meza ya Bwana. Sikuwa nauza pombe. Sijawahi kuipika maishani mwangu. Aliyasema hayo mbele ya watu walioimba siku ya harusi yangu, na hakuna hata mmoja aliyeuliza swali.

Mimi sikusoma. Nasema, na binti yangu Elina anaandika, na nimemkataza kulainisha neno lolote.

Mume wangu Hezron alivuka mpaka kwenda kwenye migodi ya shaba ya Rodeshia mwaka ambao nzige walikula ulezi wetu. Hakurudi. Lililorudi ni sanduku lake la bati, ndani yake blanketi na mkanda. Ukoo ukakaa kuzungumza nani anirithi. Mdogo wa kiume Hezron hakuwa naye, na Fanueli alikuwa mzee wa kanisa, hakuweza kuwa na wake wawili. Wakakubaliana kwamba nitatunzwa na ukoo wote pamoja. Nilitunzwa msimu mmoja. Msimu wa pili kila nyumba ilidhani nyumba nyingine imeniletea mahindi.

Nyumba aliyoniachia Hezron ilikuwa karibu na barabara, pale Tunduma, upande wetu wa mpaka. Siku hizo wanaume wengi walivuka wakitoka upande wa pili kwenda kutafuta kazi kwenye dhahabu ya Lupa, wengine wakipishana nao kwenda kwenye shaba. Wote walikuwa kwa miguu, midomo imepasuka kwa vumbi. Waliniomba maji. Siku moja nilimpa mmoja togwa niliyomtengenezea Elina, akanywa hadi chini ya kibuyu, akafuta mdomo, akaniuliza kwa nini siuzi. Waliotoka upande wa pili waliiita munkoyo, ingawa munkoyo wao hutiwa mizizi na yangu hutiwa kimea.

Kimea hakikubali haraka. Unaloweka ulezi, unaufunika kwa majani ya migomba, unangoja uchipue. Ukiufunua mapema haujawa kitu. Ukichelewa umeota mizizi na utamu umekwisha. Halafu unaanika, unasaga kwa jiwe, ndipo unapika uji wa mahindi, unaupoza, unautia kimea, unaulaza. Togwa ya asubuhi hiyo ni tamu. Ya kesho yake ina ukali kidogo, na ndiyo wengi wanayoipenda. Ya siku inayofuata si togwa tena. Inaanza kutafuta njia ya kuwa kitu kingine, na mama yangu, aliyenilea misheni, alinifundisha kwamba ikifika hapo humwagwa.

Kwa hiyo nilimwaga. Wanawake jirani walinicheka sana. Walisema nimekuwa tajiri wa kumwaga ulezi wakati wenzangu wanahesabu punje, na kama lazima nimwage, basi nimwagie kwenye vikombe vya waume zao. Kila mara nilipomwaga nilimwambia Mungu, hii ni yako, nipe ya kesho. Hiyo ndiyo ilikuwa sala yangu ya biashara, na mpaka leo sijapata nyingine iliyo bora.

Ndipo chungu changu kikubwa kikapasuka, juma lile la Pasaka, wakati wasafiri ni wengi kuliko siku zote. Nilikwenda kwa Ketrina, mke wa Fanueli, nikamweleza shida yangu. Ketrina hakuwa mtu mbaya kwangu. Aliingia ndani, akatoka na chungu kipana, cheusi, kizuri. Akasema, “Chukua, dada. Kimeoshwa.” Nilikichukua nikamshukuru.

Ijumaa jioni nilikijaza togwa. Jumamosi asubuhi nilikuta imefura, ina povu juu kama sabuni. Nilidhani ni joto. Mtu aliyewahi kupika pombe angejua palepale kwa kunusa, lakini mimi pua yangu haikufundishwa hayo. Nilikoroga povu likashuka, nikaanza kuuzia watu.

Wanaume wawili waliokuwa wametembea na matumbo matupu walikunywa sana. Walisifu, wakaongezewa, wakasifu tena. Kisha wakaenda zao kwenye barabara inayopita mbele ya kanisa, na hapo wakaanza kuimba. Walijua wimbo mmoja wa misheni na wimbo mmoja wa mgodini, wakaziunganisha. Wazee wa kanisa walikuwa wanatoka kwenye kikao cha kuandaa Pasaka. Fanueli aliwauliza wametoka wapi, nao, kwa adabu kabisa, wakamwonyesha kwangu.

Alikuja na wenzake watatu. Akachota kwa kibuyu, akanusa, akamwaga chini.

“Hiki ni nini, shemeji?”

“Ni togwa.”

“Togwa gani hii inayoimba?”

Wenzake walicheka. Yeye hakucheka. Nilimwambia togwa yangu ni ileile, sijui imekuwaje, labda ni joto. Kumbe kila nilivyojieleza nilizidi kuonekana mwongo, kwa sababu harufu ilikuwa imejaa uani na hata kuku walikuwa wanayumba pale alipomwaga. Kesho yake ndiyo ile Pasaka.

Baadaye kidogo Jenista, mfinyanzi kutoka ng'ambo ya mpaka, alipita na mzigo wa vyungu kichwani. Aliponipa chungu kipya aliona kile cheusi kimeinamishwa ukutani. Akakigeuza, akatia kichwa ndani, akaniuliza nimekipata wapi. Nikamwambia. Akasema chungu hicho alikifinyanga yeye, alimuuzia mama yake Ketrina, na yule mama alikuwa mpikaji wa pombe aliyejulikana hadi kwao. Chungu cha pombe wapikaji hawakioshi kwa maji ya moto wala hawakisugui. Hukisuuza tu, ili pombe inayofuata ichachuke upesi. Ile chachu imelala kwenye udongo. Ukitia uji wowote humo, hata wa mtoto, kesho yake ni pombe.

Nilishikwa na furaha kama mtu aliyefunguliwa kamba. Nikamchukua Jenista na chungu kwenda kwa wazee. Walinisikiliza nimesimama. Walisema Jenista si Mkristo na vyungu vyake huviuza kwa wapika pombe, kwa hiyo ni shahidi wa upande huo. Walisema chungu kinachotoka nyumbani kwa mtu aliyekutwa na pombe lazima kinuke pombe. Wakamwita Ketrina. Alisimama na kitambaa cha kichwa amekishusha hadi kwenye nyusi, akasema, “Chungu nilichompa kilikuwa kisafi.”

Hilo lilikuwa kweli. Kilikuwa kisafi. Nilimtazama anitazame, akakataa.

Basi nikarudi barabarani. Watu wa kanisa wakawa wanahamia upande wa pili wa njia wanapokaribia kwangu, mama anamvuta mtoto mkono. Jumapili nilikaa kwenye benchi la nyuma kabisa, pale wanapowekwa waliotengwa, pamoja na wenye wake wengi na wapikaji wenyewe. Mpikaji mmoja alinisogelea siku ya kwanza akaniuliza kimea changu nakisaga vipi, maana wateja walikuwa wamemwambia togwa yangu ni kali kuliko pombe yake. Hata mimi nilicheka, ingawa usiku nililia.

Ajabu ni kwamba hasara haikuwa wateja kupungua. Waliongezeka. Habari ilisambaa kwamba kuna mjane Tunduma anauza pombe inayofanana na togwa, na wanywaji wakaja kutoka kila upande. Walikaa, wakakonyeza, wakaomba ile nyingine. Nilipowaambia hakuna nyingine waliona nawatania. Aliyenisumbua zaidi ni Andongwisye, Mndali mmoja aliyekuwa kibarua wa barabara, mtu mwenye kiu isiyo na Jumapili. Alikuja na kundi lake lote, wakaweka majembe chini.

“Mama Elina, jina umeshapewa,” alisema. “Kilichobaki ni kuanza kazi.”

“Jina walilonipa si langu.”

“Wameshakutenga. Sasa ukikataa kuuza, nani atajua?”

“Mungu atajua,” nikamwambia. “Na wewe utajua, kwa sababu utakuwa umelewa.”

Wenzake walimcheka hadi wakashika mbavu. Lakini neno lake lilinikaa. Alikuwa amesema kweli: adhabu nilikuwa nimeshaipata, na dhambi yenyewe ilikuwa bado iko mlangoni, ina faida. Kimea ninacho. Chungu ninacho, kile cheusi, bado kiko ukutani. Kingefanya kazi yenyewe bila mimi kunyoosha mkono. Na Elina alikuwa anavaa gauni lililokatwa kutoka kwenye blanketi la baba yake. Nataka mtu anayesoma ajue kwamba sikukataa kwa sababu nilikuwa mwema. Nilikataa kwa sababu siku nitakayouza pombe, Fanueli atakuwa amesema kweli, na sikuwa tayari kumfanyia kazi hiyo. Imani yangu kwa miezi mingi ilikuwa na hasira ndani yake. Nadhani Mungu aliipokea hivyohivyo.

Nilikivunja kile chungu. Vigae nikavitupa kwenye matope ya njia ya kisimani.

Nikaendelea kuloweka, kungoja, kusaga, kulaza, kuuza, na siku inayofuata kumwaga. Nilinunua nguruwe mdogo nikawa namwagia yeye. Nguruwe yule alinenepa kwa togwa na machicha ya ulezi mpaka akashindwa kupita mlango wa zizi, ikabidi tubomoe. Akazaa. Wanawake waliocheka nikimwaga wakaanza kuja kuuliza bei ya vitoto. Andongwisye naye hakukata tamaa. Kila alipopokea mshahara alipita kuuliza kama nimebadilika, akakuta sijabadilika, akanywa togwa yake akilalamika, akalipa. Alipabatiza pahali pangu jina, Kwa Mama Asiyelevya, na jina hilo vibarua walilipeleka mbali.

Kisha ikaja vita. Malori ya serikali yakaanza kupita kutoka Rodeshia kwenda kaskazini kupigana na Waitaliano, msafara baada ya msafara, mavumbi hayatui. Madereva na askari wengi walikuwa watu weusi kama sisi, wamechoka, na kila waliposimama walitafuta pombe. Dereva mmoja alilewa, lori likapinduka mbele ya kijiji cha Nanyala, watu wakaumia. Mkubwa wao mzungu akatoa amri kwamba misafara isisimame tena mahali penye pombe. Akamtuma koplo, Raphaeli, Mnyiha wa Mbozi, atafute pahali upande huu wa mpaka ambapo watu wanaweza kula na kunywa na bado wakaendesha.

Raphaeli aliwauliza vibarua wa barabara, maana wao ndio wanaojua kila chungu. Wakamleta kwangu, Andongwisye akiwa mbele. Koplo alizunguka uani, akachungulia nyuma ya nyumba, akachungulia zizini. Hakuamini.

“Nyumba ya kando ya barabara, na hakuna pombe? Mnanificha.”

“Koplo,” alisema Andongwisye, “mimi nimekunywa kila mahali kutoka Isongole mpaka hapa. Kwa mama huyu nimebembeleza, nimetukana, nimeimba. Miaka yote hii nimeambulia togwa. Kama pombe ingekuwapo ningeipata mimi kabla yako.”

Raphaeli akanitazama. “Ni kweli, mama?”

“Muulize nguruwe,” nikasema. “Togwa inayopita siku mbili anakunywa yeye.”

Alicheka, akavua kofia, akaomba kibuyu. Juma lililofuata malori yaliegeshwa kwangu kuanzia mlangoni hadi kwenye kona. Nilipika togwa kwenye mapipa. Nilichinja nguruwe. Niliwaita wanawake wale wale waliovuka njia kunikwepa, nikawapa kazi ya kusaga na kupika ugali, nikawalipa kila Jumamosi, na sikuwatajia neno la zamani. Nilitaka, lakini mikono ilikuwa imejaa. Misafara ilipita mwaka huo na uliofuata, na kila koplo aliyepita alimwambia mwenzake asimame wapi. Shahidi wangu hakuwa mzee wa kanisa. Alikuwa mlevi, na ushahidi wake ulitosha.

Vita ilipokwisha malori ya biashara yakachukua nafasi ya malori ya askari, nao wakasimama palepale. Nikajenga hoteli ya tofali za kuchoma, paa la bati, meza na mabenchi. Elina akasoma hadi mwisho wa shule ya misheni. Watu wanaotaka kufungua biashara huja kuniuliza dawa niliyozika chini ya kizingiti. Nawaambia nimezika subira, nao huondoka wakinung'unika kwamba mama huyu mchoyo. Sijui niwaeleze vipi. Miaka ile hapakuwa na dalili yoyote kwamba kumwaga kutalipa. Nilimwaga tu, na asubuhi nikaloweka tena.

Mchungaji mpya alipokuja alinirudisha mezani. Aliniita ofisini kwake siku ya kazi, akaomba, akanishika mkono, akasema yamekwisha. Nilitengwa Pasaka watu wamejaa hadi madirishani, nikarudishwa Jumatano, mlango umefungwa.

Mwaka juzi Yunisi, mtoto wa mwisho wa Fanueli, alichumbiwa na kijana wa Isongole. Baba wa kijana ni mchungaji huko. Alituma neno kwamba watu wake watakuja, ila togwa ya harusi itoke kwa Nesta wa Tunduma, si kwa mwingine, kwa sababu yeye alishaaibishwa na togwa iliyolevya kwenye harusi nyingine na hataki kurudia. Ketrina alikuja kuniomba. Amezeeka, macho yanalia yenyewe. Nilimkalisha, nikampa chakula, nikamwambia mwenye harusi aje mwenyewe.

Fanueli alikuja jioni, na fimbo yake. Alikaa kwenye benchi la wateja. Alizungumza juu ya mvua, juu ya kahawa ya ndugu zetu wa Mbozi, juu ya bati langu. Nilimwacha azunguke. Mwisho akasema, “Shemeji, neno la kile chungu nililijua kabla mahindi ya mwaka ule hayajavunwa. Ketrina aliniambia, akilia. Kilikuwa cha mama yake. Aliona aibu ijulikane kwamba mke wa mzee wa kanisa anatunza chungu cha pombe.”

Nilikuwa nafuta meza. Niliendelea kuifuta.

“Ukanyamaza,” nikasema.

“Nilikuwa nimeshatangaza. Mzee wa kanisa akirudi kusema alikosea, atasimama vipi tena kumwonya mtu?”

“Na mimi nilisimama vipi?”

Alisema atanipa mtamba wake mwekundu, ule wenye mimba. Nikamwambia ng'ombe ninao. Nikamwambia togwa ya Yunisi nitaipika, kwa sababu Yunisi alikuwa mgongoni mwa mama yake siku ile na hajanikosea kitu. Lakini yeye namtaka asimame kanisani, pale aliposimama siku ya Pasaka, aseme alichoniambia mimi hapa.

“Nipe muda,” alisema.

“Muda wangu umeutumia wote, Baba Yunisi. Omba wa mwingine.”

Nilipika. Siku ya harusi vyungu vyangu vilibebwa na wanawake kutoka hotelini hadi kwa Fanueli, safu nzima, na walipoingia uani vigelegele vilipigwa kana kwamba bibi harusi ameingia mara ya pili. Mchungaji wa Isongole alipokea kibuyu cha kwanza mbele ya watu wote, akanywa, akaomba kingine, akauliza kwa sauti mama mwenyewe yuko wapi. Watu wakanisukuma mbele. Nilivaa gauni la kitambaa cha buluu na viatu. Nilisimama katika ua ule wa ukoo uliosahau kuniletea mahindi, na watu walipanga mstari kunywa nilichokitengeneza kwa mikono yangu, wazee wa kanisa wakiwamo, hata wale watatu waliocheka. Sitaficha kwamba nilifurahi. Hakuna chakula nilichowahi kula kitamu kama kuwatazama wakinywa.

Jioni Fanueli alisimama kushukuru. Alishukuru kwaya, alishukuru waliobeba kuni, alishukuru mwenye lori. Macho yake yakafika kwangu, yakakaa. Watu wakanigeukia, maana wengi walishasikia minong'ono ya kile chungu. Akasema, “Na wengine wote,” akaketi.

Bado yu hai. Hukaa benchi la mbele kila Jumapili. Barabara imenilipa, vita imenilipa, nguruwe wamenilipa, na Mungu amenilipa kupita nilichoomba. Ketrina nimemsamehe, maana aibu ilimfunga mdomo na ameilipa kwa macho yake. Ninayemdai ni Fanueli peke yake. Namdai maneno haya: Nesta hakuuza pombe, nami nilijua. Ayaseme kwa mdomo wake, amesimama, siku ya Jumapili, watu wamejaa. Akifa hajayasema, deni litahamia kwa wale wazee watatu waliokuja naye uani kwangu, na mmoja wao hunywa togwa hapa kila siku ya soko.